Elektroforesisi ya kapilari katika upimaji wa dawa wa kila siku: maswali yanayotujia Mombasa

Ukurasa huu ni wa watu wa maabara, wale wanaopima vidonge, sharubati na dawa za sindano siku nenda siku rudi, na sasa wanawaza kuweka mashine ya elektroforesisi ya kapilari kando ya HPLC (kromatografia ya kimiminika ya shinikizo kubwa) waliyoizoea. Maabarani twaiita CE, na humu tutaiita hivyo hivyo. Maswali yametoka kwa wanafunzi walio kwenye mafunzo ya kazini, wafamasia wa hospitali na wenzetu wa viwandani huku Pwani. Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa kwa maabara za nchi baridi. Tumejaribu kujibu kwa mtu ambaye dirisha lake linaingiza upepo wa bahari.

Mashine yenyewe hufanya nini hasa?

Ndani yake mna kapilari, yaani bomba jembamba la kioo cha silika lenye kipenyo cha ndani cha mikromita 50 au 75 na urefu wa kati ya sentimita 30 na 100. Ncha zote mbili zimetumbukizwa kwenye vichupa vya bafa (maji ya kemikali yanayoshikilia pH isibadilike), kila kichupa kina elektrodi yake, na kati ya elektrodi hizo hupita umeme wa hadi volti 30,000. Molekuli zenye chaji hukimbia, kila moja kwa kasi inayotokana na chaji na ukubwa wake. Karibu na mwisho wa bomba pana dirisha dogo linalopenywa na mwanga wa urujuanimno. Kundi la molekuli likipita hapo, kompyuta huchora kilele.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba bafa nayo inatembea. Ukuta wa silika hubeba chaji hasi pH inapopanda, na hilo huusukuma mmiminiko wote kuelekea kathodi, yaani elektrodi hasi. Huu ndio mtiririko wa elektroosmosi. Fikiria feri ya Likoni: feri inakwenda ng'ambo, abiria anayetembea kuelekea mbele hukanyaga nchi kavu kwanza, aliyesimama hufika pamoja na feri, na anayerudi nyuma naye hufika, ila wa mwisho. Ayoni chanya ni wale wa mbele, zisizo na chaji ni waliosimama, ayoni hasi ni wanaorudi nyuma. Kwenye pH ya 2.5 feri hiyo huwa imekaribia kusimama, na ayoni chanya zinakwenda kwa miguu yao wenyewe.

Basi dawa zisizo na chaji zitatenganishwa vipi, ikiwa zote zimesimama?

Shigeru Terabe na wenzake wa Japani walilijibu hilo mwaka 1984. Waliongeza sodiamu dodesili salfeti, ambayo ni jamii ya sabuni, kwenye bafa. Sabuni hiyo hujikusanya vifundo vifundo vyenye chaji hasi, na kila dawa huingia na kutoka ndani ya vifundo hivyo kwa kiasi chake. Inayopenda mafuta zaidi huchelewa zaidi. Mbinu ni nzuri, lakini kwa anayeanza tungesema aizoee kwanza CE ya kawaida.

Tukiinunua hii, HPLC tuiuze?

Msiiuze. Mbinu nyingi za famakopia, yaani vitabu rasmi vya viwango vya dawa, zimeandikwa kwa HPLC, mafundi wake wapo, na vipuri vyake vinapatikana. CE ni mashine ya pili. Inabeba kazi ambazo HPLC inazifanya kwa tabu, na inathibitisha matokeo kwa njia tofauti kabisa ya kutenganisha. Kilele kinachoonekana safi kwenye HPLC na kikaonekana safi tena kwenye CE kinaaminika zaidi kuliko kilichopimwa mara mbili kwa njia ileile. Anayeuza CE kwa ahadi kwamba itafanya kila kitu hajakaa nayo mwezi mzima.

Ni dawa zipi zinazoonyesha faida yake upesi?

Anza na metformini. Ni dawa ya kisukari iliyojaa kwenye kila duka la dawa kuanzia Changamwe hadi Nyali, na ni besi kali inayopenda maji. Kwenye kolamu ya kawaida ya HPLC, ile ya C18 inayoshika vitu vinavyopenda mafuta, haikai. Hutoka mapema pamoja na takataka za mwanzo, mpaka uongeze kemikali za kuunda jozi za ayoni, nazo huifanya kolamu isifae kwa kazi nyingine. Kwenye CE, bafa ya fosfeti ya milimola 50 kwa pH 2.5 inatosha. Metformini hutoka mbio, kilele chembamba, na vijazo vya kidonge vingi havina chaji hivyo havifiki kuisumbua.

Kundi la pili ni ayoni wenza: kloraidi, salfeti, sodiamu, potasiamu, zile zinazofungamana na dawa kuwa chumvi. HPLC yenye kigunduzi cha urujuanimno haizioni. CE inaziona kwa hila ndogo tutakayoieleza hapa chini.

La tatu ni dawa zenye sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Levofloksasini ni sura moja tu ya ofloksasini, na mnunuzi aliyelipia levofloksasini ana haki ya kujua kama hakuuziwa mchanganyiko. Kolamu za HPLC za kazi hiyo ni ghali, na kila dawa huenda ikataka yake. Kwenye CE unayeyusha siklodekstrini, jamii ya sukari yenye umbo la pete inayoshika sura moja kuliko nyingine, ndani ya bafa. Ikikataa, unajaribu siklodekstrini nyingine mchana huohuo. Famakopia ya Ulaya imeikubali CE kwa kazi ya namna hii, mfano mmoja ukiwa usafi wa sura ya ropivakaini.

Na zipi tusijisumbue nazo?

Lumefantrini, kwa sababu haiyeyuki vizuri kwenye maji na itawalazimu kutumia bafa isiyo na maji. Artemeta nayo haina chaji na karibu haimezi mwanga. Kwa hiyo dawa mseto ya malaria tuliyoizoea kuliko zote ibaki kwenye HPLC. Sharubati zinazoshukiwa kuwa na ethilini glaikoli au diethilini glaikoli zipelekwe kwenye kromatografia ya gesi, maana sumu hizo hazina chaji wala hazionekani kwa urujuanimno. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu limeulizwa zaidi ya mara moja, na kosa lake linaweza kuua watoto.

Tuonyesheni kazi moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue pakiti za ORS, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, ambazo Pwani tunazihitaji kila kipindupindu kinapobisha hodi. Fomula ya Shirika la Afya Duniani kwa lita moja ni sodiamu kloraidi gramu 2.6, potasiamu kloraidi gramu 1.5, trisodiamu sitreti yenye maji gramu 2.9 na glukosi gramu 13.5. Ikiyeyushwa, inatakiwa kutoa milimola 75 za sodiamu, 20 za potasiamu, 65 za kloraidi na 10 za sitreti.

Sodiamu na potasiamu hazimezi mwanga. Hila ni kutumia bafa ambayo yenyewe inameza, kama imidazoli yenye asidi kidogo. Mstari wa chini wa grafu unakaa juu, na kila ayoni isiyomeza mwanga inapopita inaacha shimo, ambalo kompyuta huligeuza kuwa kilele. Potasiamu hutangulia, sodiamu hufuata. Amonia ikiwepo hutoka pamoja na potasiamu, hivyo chunga vyombo vilivyooshwa kwa dawa za amonia.

Kwa kloraidi na sitreti unabadilisha mambo. Bafa ni ya kromati, pamoja na kemikali inayogeuza mwelekeo wa elektroosmosi, na elektrodi zinabadilishana nafasi. Kloraidi ndiyo mkimbiaji, sitreti yaja baadaye. Glukosi huioni kabisa kwa njia hizi, ipime kwa polarimita.

Sampuli unaizimua kwa maji mara nyingi, maana ORS ni nzito mno kwa kapilari. Hapo ndipo Mombasa inapokuingilia. Sodiamu na kloraidi ziko kwenye jasho la vidole, kwenye vumbi la dirishani na kwenye maji ya kisima. Vaa glavu, tumia vichupa vya plastiki kwani kioo huachia sodiamu, na kila siku endesha kichupa cha maji matupu kabla ya sampuli. Maji matupu yakikupa kilele cha sodiamu, usiendelee. Tafuta kwanza chanzo.

Jana kilele kilitoka dakika ya tano, leo dakika ya sita. Kuna nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu waifunike mashine kwa shuka na kurudi HPLC. Mara nyingi mashine ni nzima, tabu iko kwenye ukuta wa kapilari au kwenye bafa.

Ukuta una kumbukumbu. Kapilari iliyofanya kazi kwenye pH 9 jana haiwi ya pH 2.5 leo kwa kuisuuza dakika mbili. Inahitaji saa nyingi kutulia, na muda wote huo vilele vinahama. Dawa yake ni rahisi ingawa watu huiona ubadhirifu: kila mbinu iwe na kapilari yake, yenye lebo, na isiazimwe. Kapilari mpya ioshwe kwa sodiamu hidroksaidi ya 1 M kwa nusu saa hivi, kisha maji, kisha bafa. Kati ya dungo na dungo (dungo ni kila mara sampuli inapoingizwa kwenye kapilari), kwa mbinu za pH ya juu, suuza kwa sodiamu hidroksaidi ya 0.1 M, maji, halafu bafa. Kwa mbinu za pH ya chini, sodiamu hidroksaidi katikati ya kazi mara nyingi huharibu kuliko kutengeneza. Bafa yenyewe hutosha kusuuzia.

Bafa nayo huchoka. Umeme unayachambua maji: upande wa anodi (elektrodi chanya) asidi huongezeka, upande wa kathodi alkali. Baada ya midungo sita hadi kumi kichupa kidogo huwa kimekwisha kubadilika pH, na muda wa vilele unafuata. Badilisha vichupa kabla, usingoje dalili. Na utengenezaji wa bafa uandikwe kwa kina. “Bafa ya fosfeti milimola 50, pH 2.5” haitoshi, kwa sababu anayeanza na chumvi ya sodiamu akashusha pH kwa asidi ya fosforiki hapati bafa ileile na anayeanza na asidi akaipandisha kwa sodiamu hidroksaidi. Andika kemikali ipi, gramu ngapi, na nini kiliongezwa baada ya nini.

Angalia pia usawa wa vimiminika. Kichupa kimoja kikijaa kuliko kingine kwa milimita chache, bafa hunyonywa kutoka huku kwenda kule bila ruhusa ya umeme.

Mwisho tazama grafu ya mkondo wa umeme, ambayo wengi huifunga wasiione. Mkondo ukiwa tuli na kilele kimehama, shuku ukuta. Mkondo ukipanda polepole, shuku joto au bafa. Ukiruka ruka au kuanguka hadi sifuri, pana kiputo cha hewa au kapilari imeziba.

Joto na unyevu wa hapa vinaisumbua?

Sana, tena kwa njia mbili tofauti.

Joto kwanza. Mnato wa maji hupungua kwa takriban asilimia 2 kila nyuzi moja ya selsiasi inapopanda, na kasi ya ayoni huongezeka kwa kiasi hichohicho. Mashine hupoza kapilari, kwa kawaida kwenye nyuzi 25, lakini ncha zinazoingia kwenye vichupa haziguswi na upozaji huo, na sahani ya sampuli mara nyingi iko kwenye joto la chumba. Mwezi wa Februari chumba kikiwa nyuzi 32 asubuhi kabla ya kiyoyozi kushika, midungo ya kwanza haitafanana na ya saa sita. Sampuli nazo hukauka vichupani, zikawa nzito kuliko ulivyozitengeneza. Washa kiyoyozi mapema na usikizime usiku ukiwa na mfululizo wa kazi.

Unyevu ni mbaya zaidi. Volti 30,000 hutafuta njia fupi, na filamu nyembamba ya maji yenye chumvi juu ya kifuniko cha kichupa ni njia nzuri sana. Utasikia mlio kama wa kiberiti, mkondo utaruka, mashine itajizima. Msimu wa masika, Aprili na Mei, hali huwa mbaya zaidi. Weka mashine ya kuvuta unyevu chumbani, na futa elektrodi na sehemu zinazozizunguka kila jioni kwa kitambaa kilicholowa maji safi, kisha pakaushe. Chumvi ya bafa iliyokaukia pale huvuta unyevu wa hewa usiku kucha. Ukilazimika, teremsha volti hadi 20,000 na ukubali kazi ichukue muda zaidi, mradi mbinu ilithibitishwa hivyo.

Dirisha la kapilari tulitengeneze wenyewe?

Ndiyo. Kapilari huuzwa kwa mita, imevikwa koti la polimaidi la rangi ya kahawia linaloizuia kuvunjika. Choma milimita chache za koti hilo kwa moto mdogo, futa masizi kwa karatasi laini yenye alkoholi, na hapo pana dirisha. Sehemu hiyo sasa huvunjika kwa kuguswa tu, kwa hiyo itie kwenye kishikio mara moja. Ncha zikatwe kwa kisu cha kauri: chora mkwaruzo mmoja mwepesi, kisha vuta kwa kunyoosha. Usikate kama mkasi. Itazame kwa kioo cha kukuzia. Ncha yenye meno hubeba sampuli ya kichupa hiki hadi kichupa kile, na vilele hutoka na mkia.

Kwa nini CE haioni uchafu mdogo kama HPLC?

Kwa sababu mwanga unapita kwenye mikromita 50 tu za kimiminika, na kwenye HPLC seli ya kawaida ni milimita 10. Hiyo ni mara 200. Sampuli nayo ni ndogo mno. Kapilari ya mikromita 50 yenye urefu wa sentimita 60 yote nzima hubeba kama mikrolita 1.2, na dungo la milibari 50 kwa sekunde 5 huingiza nanolita 7 hivi.

Hata hivyo hali si mbaya inavyosikika. Bafa ya fosfeti haimezi mwanga wa nanomita 200, kwa hiyo unaweza kupima pale ambapo karibu kila dawa inameza. Ukiyeyusha sampuli kwenye maji au bafa iliyozimuliwa mara kumi, ayoni hujibana zenyewe mwanzoni mwa kapilari na kilele hurefuka. Uchafu wa asilimia 0.1 unafikika kwa dawa nyingi. Ila kama kikomo chako kiko chini ya hapo, rudi HPLC bila aibu.

Usahihi wa kiasi unatosha kwa kupitisha au kukataa shehena?

Unatosha ukifanya mambo mawili. La kwanza, tumia kiwango cha ndani, yaani dawa nyingine yenye chaji ya aina hiyo isiyokuwamo kwenye kidonge, ikatiwa kwa kipimo kilekile kwenye sampuli na kwenye stendadi, yaani dawa safi ya kulinganishia. Bila hicho tofauti kati ya midungo hufika asilimia 2 au 3. Nacho hushuka chini ya 1. La pili, gawanya eneo la kilele kwa muda wake kabla ya kukokotoa. Kilele kinachopita dirishani polepole huonekana kinene kuliko haki yake, na mtu aliyelelewa na HPLC husahau hilo.

Dunga kwa shinikizo, si kwa umeme. Udungaji wa umeme huchukua zaidi ayoni zenye kasi, nao hubadilika kila chumvi ya sampuli inapobadilika.

Bodi ya Dawa na Sumu itakubali matokeo ya CE?

CE si mgeni kwenye famakopia. Ya Ulaya inayo katika sura ya 2.2.47, ya Marekani katika sura ya 1053. Ukitumia mbinu yako mahali ambapo famakopia imeandika HPLC, lazima uithibitishe kwa mwongozo wa kimataifa wa kuthibitisha mbinu, ICH Q2, na uonyeshe kwamba inatoa jibu lilelile. Mzozo ukitokea juu ya shehena iliyoshuka Kilindini, mbinu rasmi ya famakopia ndiyo hukata shauri. Kwa hiyo usikatae shehena kwa CE peke yake bila kupima tena kwa mbinu rasmi.

Gharama je?

Mashine yenyewe si rahisi, na fundi wake huenda akatoka mbali, jambo ambalo tunaliona kubwa kuliko bei. Muulize muuzaji nani atakuja taa ya kigunduzi ikifa, na umwombe aandike. Nafuu iko kwenye matumizi ya kila siku. HPLC inayokwenda mililita 1 kwa dakika humaliza karibu nusu lita ya kimiminika kwa saa nane, sehemu yake ikiwa asetonitraili. CE hutumia mililita chache za bafa ya maji. Walioupitia uhaba wa asetonitraili wa mwaka 2008 na 2009 wanajua thamani ya hilo. Watafiti wa Geneva, Uswisi, walikwisha kubuni CE ya bei nafuu kwa ajili ya kupima dawa bandia na wakaipeleka Mali.

Stima ikipotea katikati ya kazi?

Zana ya akiba ya umeme isiwe ya kompyuta tu, iwe na ya mashine. Kama yote yamezimika, hofu ni bafa kukaukia ndani ya kapilari na kuiziba kwa chumvi. Stima ikirudi, suuza kwa maji kabla ya kitu kingine chochote. Matokeo ya dungo lililokatika yatupwe na sababu iandikwe daftarini. Ukiiacha usiku, ncha zikae kwenye vichupa vya maji. Ukiiacha wiki nzima, suuza kwa maji kisha pitisha hewa ikauke.

Volti 30,000 haziui?

Mkondo ni mdogo, kwa kawaida chini ya mikroampea 100, na mlango una swichi inayokata umeme ukifunguliwa. Swichi hiyo isifungwe kwa waya hata siku moja, hata fundi akisema.

Na dawa za kibayolojia?

Huko CE imeshashika usukani: antibodi hupimwa usafi kwa kapilari yenye jeli na sodiamu dodesili salfeti, eritropoetini hutambuliwa kwa mpangilio wa isofomu zake, na mwaka 2008 CE ilikuwa miongoni mwa mbinu zilizofichua heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, iliyochanganywa na kondroitini iliyozidishiwa salfeti.

Taka zake tunazimwaga wapi?

Bafa za fosfeti na borati ni kidogo mno na hazina tabu kubwa, zizimue na kufuata utaratibu wa maabara yenu. Ya kromati ni habari nyingine. Hiyo husababisha saratani, haiendi kwenye sinki, haiendi kwenye karo. Ikusanywe kwenye chupa yake yenye lebo, pamoja na maji ya kwanza ya kusuuzia vichupa, ingoje mkandarasi mwenye leseni ya taka hatari.